Pumzi Kwanza, Neno Baadaye

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani Kisarawe. Alishonea barazani, cherehani ya miguu, kitambaa kimetandikwa mapajani na pini kadhaa kazibana kwa meno. Akifika mahali pagumu, pa kuunga kola au kugeuza mkono wa gauni, pini hutoka mdomoni, miguu hupunguza mwendo, naye huanza kuimba. Ungedhani ataimba taarabu, au mdundiko wa kwao Uzaramo. Aliimba Kihindi, na Kihindi chenyewe hakukijua hata cha kuombea maji.

Mimi nilikuwa nikitoka Kibaha kila likizo kwenda kukaa kwake. Nyimbo zile nilizikariri nikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa, na siku moja nikajitia kuimba naye. Akasimamisha gurudumu.

"Njoo hapa, mwanangu."

"Abee, shangazi."

"Mbona unayakimbilia maneno? Vuta pumzi kwanza. Yule mama anaanza na pumzi, neno linamfuata."

"Yule mama" alikuwa Lata Mangeshkar, mwimbaji wa nyimbo za picha za Kihindi. Shangazi hakulijua jina lake. Alimjua kwa sauti, kama unavyomjua jirani aitapo watoto wake magharibi. Miaka ilipita kabla sijasoma kuwa mwalimu mmoja wa Lata ujanani, mtunzi Anil Biswas, alimfundisha jambo hilohilo: mahali pa kuvutia pumzi, na namna ya kugeuza uso pembeni ya maikrofoni ili msikilizaji asiisikie. Jambo lililofanyika studio ya Bombay, mshona nguo wa Kisarawe alilinasa kwa sikio tu.

Hapo ndipo ninapoanzia kila nikiulizwa kwa nini watu wa Pwani tunazipenda nyimbo za picha za Kihindi. Wengi hujibu haraka: zinahusu mapenzi, zina machozi, zina mavazi na milima. Ni kweli, lakini picha za mapenzi na machozi ziko nyingi duniani, na nyimbo zake hazikuingia barazani kwa shangazi. Hizi ziliingia kwa sababu zimefundwa. Watu waliozitengeneza walikaa na kila silabi mpaka ikaiva.

Kule kwetu Kibaha, Maili Moja, tulikuwa na kibanda cha video, mabenchi ya mbao na giza la magunia madirishani. Mtafsiri aliongea juu ya kila neno la picha, akacheka, akatukana maadui, akatuonya kuwa stelingi anakaribia kuvamiwa. Wimbo ukianza alinyamaza. Hakuna aliyelalamika, maana wimbo haukuhitaji mkalimani. Kibanda kizima kilifungua vinywa. Watoto tuliokaa mbele tulimtazama stelingi midomoni na kumfuatisha, tukiamini kwa dhati kwamba yeye ndiye anayeimba.

Kumbe naye alikuwa akifanya kama sisi. Picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara ya mwaka 1931, ilikuwa na nyimbo saba, na siku hizo mwigizaji aliimba mwenyewe. Tangu mwaka 1935 ukaanza mtindo wa kurekodi wimbo kwanza studio, kwa sauti ya mwimbaji hasa, kisha mwigizaji akachezesha midomo mbele ya kamera huku santuri ikipigwa. Hivyo kila wimbo ukawa na watu wawili ndani yake, mwenye sauti na mwenye uso. Ukiwaona ni mtu mmoja, jua kazi imefanywa sawasawa.

Fikiria ugumu wake. Mohammed Rafi, aliyefariki mwaka 1980, aliimbia waigizaji wa kila aina, na akimwimbia Shammi Kapoor sauti inarukaruka na kutikisa kichwa kama Shammi mwenyewe. Akimwimbia Johnny Walker, mchekeshaji, sauti inalegea na kukonyeza jicho. Mukesh aliimba sana kwa ajili ya Raj Kapoor, kama katika Awaara ya mwaka 1951, na alipofariki mwaka 1976 Raj Kapoor alisema yeye ndiye aliyepotelewa na sauti. Naye Lata, katika Maine Pyar Kiya ya mwaka 1989, picha iliyopasua vibanda vyetu, alimwimbia msichana wa miaka 20 wakati yeye anaelekea 60. Isikilize tena. Hakuna mahali anapojifanya mtoto. Sauti ameipunguza uzito tu, akaacha kila neno litue bila kusukumwa.

Mwenzake katika nyimbo hizo, aliyemwimbia Salman Khan, ni S. P. Balasubrahmanyam. Huyu namheshimu kwa namna ya pekee. Lugha ya mama yake ilikuwa Kitelugu, ya kusini mwa India, iliyo mbali na Kihindi kuliko Kiswahili kilivyo mbali na Kizaramo. Hata hivyo, kwa kuimba Kihindi katika Ek Duuje Ke Liye ya mwaka 1981 alipewa tuzo ya taifa. Lata naye hakuzaliwa nacho. Kwao ni Kimarathi. Alipokuwa kijana, mwigizaji Dilip Kumar alitilia shaka matamshi yake ya Kiurdu, lugha iliyobeba maneno mengi ya nyimbo hizo. Hakununa akaishia hapo. Alitafuta mwalimu akakaa chini kujifunza herufi moja baada ya nyingine.

Basi waliotuimbia wenyewe walijifunza kutamka. Nilipolijua hilo nilifurahi kuliko nilipopata cheti changu cha shule, kwa sababu lilimweka shangazi kwenye darasa moja na wale wakubwa.

Sikio la mtu wa Pwani, hata hivyo, halikwenda mikono mitupu. Dunia, safari, kitabu, wakati, habari: yote hayo yamo katika nyimbo za Kihindi kwa umbo ambalo mtoto wa chuoni analitambua, maana Kiurdu na Kiswahili vilichota kisima kimoja cha Kiarabu. Mashairi yetu ya zamani yana ashiki na mahaba; yao yana ndugu wa maneno hayo karibu kila ubeti. Na mtoto aliyekulia kwenye kasida na maulidi ameshazoea sauti inayopanda ngazi, ikasitasita juu, ikashuka kwa mawimbi madogo kabla ya kutua. Anapomsikia Lata akilizungusha neno moja mara tatu, hashangai.

Kisha kuna pumzi yenyewe. Kihindi kina herufi zinazotoka na pumzi, kama b iliyofuatwa na mvuke, na maana hubadilika ukiisahau. Mtu atasema hilo ni geni kwetu. Lakini wazee wa Mombasa na Lamu mpaka leo hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi hiyohiyo. Huko Mombasa ndiko Juma Bhalo alikojenga jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili ndani ya sauti za Kihindi, na aliyemwandikia mengi alikuwa jamaa yake Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Kazi ile si ya mchezo. Shairi lina mizani yake, wimbo una yake, na asiyejua kupima atakata neno katikati kama fundi aliyekosea mshono wa bega. Bhalo hakukata.

Sasa tupande basi. Ukiondoka Kibaha, ukapita Mlandizi hadi Chalinze, ukakata kulia kuelekea Lugoba, uko upande wa kijiji cha Mindu Tulieni, bado mkoa huohuo wa Pwani. Hapo ndipo wanapotoka Kili Paul na dada yake Neema. Mwaka 2021 walijirekodi kwa simu wakifuatisha Raataan Lambiyan, wimbo wa picha ya Shershaah, ulioimbwa na Jubin Nautiyal na Asees Kaur. Wamevaa mavazi yao ya Kimaasai, nyuma yao ni kijijini, hakuna pambo lolote. India nzima ikawaona. Februari 2022 ubalozi wa India ulimpa Kili heshima, na tarehe 27 mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi aliwataja ndugu hao redioni, pamoja na namna walivyomkumbuka Lata, aliyekuwa amefariki tarehe 6.

Wapo waliosema: kwani wamefanya nini, wamechezesha midomo tu. Nasikitika nikisikia hivyo. Kuchezesha midomo ndiyo kazi waliyoifanya Raj Kapoor na Nargis mbele ya kamera, na majina yao yamedumu. Mtazame Kili kwa utulivu. Neno halimpiti. Mahali ambapo Nautiyal anaivuta irabu, taya la Kili linabaki wazi mpaka irabu iishe. Mahali pa konsonanti ya haraka, midomo inafunga na kufungua papo hapo. Nyusi zinakwenda na maana, si na mdundo. Wengi wetu tukijaribu, nyusi zinacheza ngoma. Neema, zamu yake inapofika, anaingia bila papara, kichwa hakimtikisiki hovyo, na macho yake yanaamini anachokisema. Utulivu wa namna hiyo hauji bila kurudia jambo mara nyingi peke yako, mifugo ikikusikiliza.

Mara ya mwisho nilipokwenda Kisarawe nilimwonyesha shangazi video ile. Macho yake yamepungua nguvu, cherehani kamwachia binti yake. Aliishika simu karibu na uso, akatazama mara mbili bila kusema kitu. Mara ya tatu akaniambia nizime sauti.

"Shangazi, utasikia nini sasa?"

"Nataka kumwona huyu binti anavyovuta pumzi."

Akatazama. Akanirudishia simu, akasema, "Huyu kafundwa." Kisha akauimba wimbo ule kuanzia mwanzo, ingawa alikuwa ameusikia mara mbili tu.

Video hiyo bado ipo mtandaoni. Itafute, nawe uitazame kwanza bila sauti.