Yosefu Hakustahili Thina

Waliotazama video ile ya karakana ya rangi mjini Singida, iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, hawana haja ya kusimuliwa upya; kwa wengine, ilikuwa hivi. Sanamu ndogo za plastiki za pango la Noeli zimepangwa juu ya gazeti: Maria, Yosefu, mchungaji, punda, ng'ombe, kondoo. Rangi imepauka na kubanduka. Fundi anamshika Yosefu miguuni, anamzamisha kichwa chini ndani ya kopo la thina, anasubiri kidogo, anamtoa na kumsugua kwa tambara. Rangi inatoka. Pua inatoka nayo.

Mkono wa fundi yule hauna dosari. Uliokosea ni uamuzi wake, na ulikosea kabla hata hajafungua kopo: alichagua dawa ya kutoa rangi bila kujua sanamu imetengenezwa kwa plastiki gani.

Thina inayouzwa madukani kwa ajili ya kupuliza magari kwa kawaida ni mchanganyiko, na ndani yake mara nyingi mna toluini na asitoni. Kwenye bati haina pa kupenya, kwa hiyo inashughulika na rangi peke yake. Sanamu ndogo ngumu, zile zinazolia "ta" ukizigonga mezani, mara nyingi ni za polistirini, na hapo mambo ni mengine kabisa. Toluini inajipenyeza katikati ya minyororo ya plastiki yenyewe na kuiachanisha. Plastiki inavimba, inalegea, inageuka kitu kama ubani uliokwisha kutafunwa. Aliyewahi kumwagia petroli lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya ameshaona jambo hilihili, kwani povu lile nalo ni polistirini, ila limejazwa hewa.

Halafu likaja tambara. Hapa ndipo mwandishi wa safu hii alipoirudisha video nyuma mara tatu. Yosefu alipotoka kwenye kopo alikuwa amelainika juujuu tu. Kama angesimamishwa penye hewa bila kuguswa mpaka thina iruke yote, angepoteza mng'ao na labda makali ya ndevu, lakini sura ingebaki. Tambara ndilo lililofuta macho, pua na mikunjo ya kanzu kwa mpigo mmoja. Fundi akaitazama ile sanamu isiyo na uso, akaiweka kando, akamchukua mchungaji na kumzamisha kwenye kopo lilelile.

Kosa la Yosefu linaweza kuitwa kutojua. La mchungaji halina jina hilo, maana ushahidi ulikuwa umelala juu ya gazeti, mbele ya macho yake.

Kwenye sauti ya video anasikika akisema kwamba bampa za magari huzifuta kwa thina kila siku na haziharibiki. Ni kweli, na ndicho chanzo cha mkasa wote. Bampa nyingi za magari ya sasa ni za polipropilini, plastiki ya aina nyingine, ambayo hufutwa kwa thina haraka ikabaki salama. Fundi aliona "plastiki" akadhani ni kitu kimoja. Plastiki ni jina la ukoo mkubwa, na ndugu wa ukoo huo hawavumilii mambo sawa.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Kwangua kipande kidogo chini ya unyayo wa sanamu, mahali pasipoonekana, na hakikisha hakina rangi. Usitumbukize sanamu nzima, kwa sababu nyingi zina uwazi ndani na hewa itakudanganya. Kipake sabuni kidogo ili mapovu yasikishikilie, kisha kitie kwenye maji ya kawaida. Kikielea, ni polithini au polipropilini, na hizo ni ngumu kudhuriwa. Kikizama, koroga vijiko vinne vikubwa vya chumvi katika nusu lita ya maji na ukijaribu tena. Polistirini ina uzito wa takriban gramu 1.05 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo itapanda juu ya maji hayo ya chumvi. PVC, yenye gramu kama 1.3 au zaidi, itabaki chini. Inashangaza kwamba jaribio la maji ya chumvi lisahauliwe katika mji unaopakana na maziwa ya chumvi, Singidani na Kindai.

Kipande kikielea kwenye maji ya chumvi, thina ifunikwe na kurudishwa rafuni.

Dawa iliyofaa ilikuwa duka la pili kutoka hapo. Dettol ya kahawia, isiyochanganywa na maji, ina mafuta ya msonobari na alkoholi ya aisopropili, na vyote viwili hulegeza rangi bila kuila polistirini. Sanamu hulazwa humo usiku mzima ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Isiwe kikombe cha plastiki. Asubuhi, vaa glovu na sugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa kwenye Dettol hiyohiyo. Wengi huharibu kazi hapa: wanakimbilia bomba. Maji yakikutana na rangi iliyolegea ndani ya Dettol, vyote hugeuka utomvu unaonata kwenye kila mkunjo. Suuza kwanza kwa Dettol safi, kisha ndipo ije sabuni na maji.

Alkoholi ya aisopropili peke yake hufanya kazi hiyo pia, mbali na jiko na sigara. Mafuta ya breki yanatoa rangi, lakini hupenya ngozini na ni sumu, na hayana sababu ya kuwa kwenye meza ya sanamu wakati Dettol ipo. Kostiki, ileile wanayotumia akina mama wa Singida kupikia sabuni kwa mafuta ya alizeti, huigeuza rangi ya mafuta kuwa sabuni na kuiacha polistirini salama. Sharti itiwe ndani ya maji baridi, kamwe maji yasimwagwe juu yake, na macho yakingwe kwa miwani. Isiwekwe kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu inaila alumini na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Safu hii imeshalalamikia chupa za maji ya kunywa zinazojazwa thina na kuuzwa bila lebo, na italalamika tena leo. Fundi asiyejua kilichomo kwenye kopo lake hawezi kukisia kitafanya nini kwenye uso wa sanamu, na mtoto mwenye kiu hawezi kujua kwamba yale si maji. Msasa mkavu kwenye rangi kuukuu nao ni ugomvi wa siku nyingi. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake huishia kwenye mapafu ya fundi na mikono ya watoto wake.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao, na ndiyo iliyozipa picha zake mng'ao unaotambulika mpaka leo. Alijua rangi yake na alijua ubao wake. Mzee aliyemfundisha mwandishi huyu kupaka rangi baiskeli kule Kiomboi alikuwa hagusi fremu ya mteja kabla hajatia tone moja la dawa chini ya kiti na kulitazama mpaka kikombe chake cha chai kiishe. Siku hizi chai inanywewa baada ya kazi.

Fundi wa Singida naye apewe haki yake: upuliziaji wa praima kwenye ng'ombe, mwishoni mwa video, ulikuwa mwembamba na sawia.

Maria, punda na kondoo bado walikuwa na rangi yao ya zamani video ilipokatika. Wanaweza kuokolewa. Yosefu atahitaji uso mpya wa pati ya plastiki, uchongwe polepole kwa kisu chembamba, na mchungaji vivyo hivyo.