Jina Kama Msingi wa Nchi ya Kubuni: Kutoka Kusadikika Hadi Walenisi

Imezoeleka katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili kusemwa kwamba mwandishi hubuni nchi isiyokuwepo ili apate mahali pa kujificha. Shaaban Robert, husemwa, aliiweka Kusadikika angani kwa sababu alikuwa karani wa serikali ya kikoloni asiyeweza kuisema Tanganyika waziwazi. Katama Mkangi naye, husemwa, alimpeleka shujaa wake katika nchi ya mbali kwa sababu alikwisha kuonja kizuizi. Maelezo haya yana ukweli wake, lakini hayatoshi. Yanamfundisha mwanafunzi kuisoma riwaya kama kitendawili chenye jibu moja: akishasema kwamba Kusadikika ni Tanganyika, hudhani amemaliza kazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nchi hizi zilijengwa kwa nyenzo za sarufi ya Kiswahili, na kwamba jiwe la kwanza la kila moja ni jina lake.

Jambo hili si geni katika fasihi ya dunia. Thomas More alipotoa Utopia mwaka 1516, aliliunda jina hilo kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwepo. J. R. R. Tolkien, mwanazuoni wa lugha huko Oxford, alianza kwa kubuni lugha, kisha akazitafutia watu wa kuzisema na ardhi ya kukaa watu hao. Mwandishi wa Kiswahili hakuhitaji kubuni lugha mpya. Alichukua ile iliyokuwa kinywani mwa watu, akaangalia inaweza kuzaa nchi gani.

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Kufikirika, ingawa iliandikwa kabla yake, ilichapishwa Nairobi mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Majina yote mawili ni vitenzi katika kauli ya kutendeka. More ameikana nchi yake tangu jina. Shaaban Robert hakuikana. Mofimu ya kutendeka haisemi kwamba jambo lipo wala kwamba halipo. Inasema kwamba lawezekana. Aidha, kiambishi ku- kinachofanya kitenzi kuwa nomino kinafanana kwa umbo na ku- ya mahali tunayoisikia katika huku na kule, kwa hiyo sikio la Mswahili halishtuki likiambiwa kwamba Kusadikika ni nchi. Na mwisho wa majina hayo, -ika, unaleta mwangwi wa Tanganyika na Afrika. Kile ambacho wahakiki wanakiita maficho kimetangazwa katika silabi za mwisho za jina. Anayejificha kweli hafanyi hivyo.

Hata kuiweka nchi hiyo angani kuna kazi kubwa kuliko kukwepa jicho la mkaguzi. Nchi iliyo juu ya ardhi ina pande nne. Iliyo angani ina sita. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa Mashariki, Kaskazini, Magharibi, Kusini, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mashauri mema, wakaishia kifungoni. Kwa mpango huo ardhi yetu sisi wasomaji inakuwa mojawapo ya nchi za kigeni zinazopakana na Kusadikika. Nao wajumbe wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Dola iliyomfunga Buruhani imefunga hoja; iliyomfunga Ridhaa imefunga hiari ya watu wake. Siasa ya nchi nzima imeandikwa katika orodha ya wafungwa.

Walenisi ya Mkangi ilitoka Nairobi mwaka 1995. Mwandishi alikuwa amewekwa kizuizini mwaka 1986 bila kufikishwa mahakamani, lakini kufikia 1995 ilikuwa imepita miaka minne tangu kifungu kilichohalalisha chama kimoja tu kiondolewe katika katiba ya Kenya. Hoja ya maficho, basi, inadhoofika zaidi hapa. Dzombo, ambaye jina lake lina sauti ya dz ya lugha za Mijikenda, anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo kilichokusudiwa kuwa mwisho wake. Chombo hicho kinamfikisha Walenisi, nchi ya watu walio sawa.

Jina hili halikuundwa kwa kitenzi bali kwa sentensi nzima: wale ni sisi. Kiwakilishi cha walio mbali kimefungwa na kiwakilishi cha wasemaji, na umbali wote wa safari ya Dzombo umefutwa kabla hajafika. Lakini sentensi hiyo imekatwa. Kilichobaki mwishoni ni si, ambayo katika Kiswahili ni neno la kukanusha. Mwandishi awe alikusudia au hakukusudia, jina linakubali na kukana kwa pamoja: wale ni sisi, na bado si sisi.

Nairobi, ambako Mkangi alifundisha elimu ya jamii katika chuo kikuu, inatosha kuonyesha uzito wa sentensi hiyo. Magharibi ya jiji, kando ya Barabara ya Ngong, mtaa wa Woodley ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya Wazungu. Kibera, jirani yake, ilianza kama makazi ya askari Wanubi. Kutoka nyumba zenye bustani hadi mabanda ya Makina ni mwendo mfupi wa miguu kupitia soko la Toi. Leo Woodley imo katika jimbo la uchaguzi la Kibra, na kura za pande zote mbili huhesabiwa pamoja. Lakini kuhesabiwa pamoja hakujawafanya wakazi waache kusema "wale" na "sisi". Hakuna haja ya riwaya kuutaja mtaa huo. Msomaji akitoka nyumbani kwake hukutana na sarufi ileile.

Njia hii ya ujenzi ina hasara zake. Mhusika aliyezaliwa na jina lake hana nafasi ya kukua: Majivuno hawezi kutubu bila kupoteza jina. Katika Walenisi hasara ni nyingine. Nchi isiyo na mgogoro hulazimika kuelezwa, na kurasa nyingi zinageuka somo analopewa mgeni na wenyeji wake. Hapo fani inalemewa na maudhui. Kusadikika inaokolewa na baraza la hukumu, kwani kila maelezo ya Karama ni utetezi wa roho yake. Habari ya nchi za jirani ikikoma, na yeye amekwisha.

Kwa hiyo swali linalofaa darasani si nchi hii inasimama badala ya ipi. Swali ni jinsi neno moja lilivyoweza kubeba mipaka, sheria na watu wake. Mwanafunzi akianza hapo ataifikia Tanganyika, na Kenya pia, lakini atafika akiwa ameisoma riwaya. Akianza na jibu, atakuwa amefanya kama waziri Majivuno, aliyejua hukumu kabla ya kusikiliza shauri.