Kongole kwa Mwalimu wa Picha

Mwalimu wa Matsangoni anayeingia darasani na picha ya zamani ya feri ya Kilifi ameshaanza somo kabla hajafungua kinywa. Watoto wake wamezaliwa wakalikuta daraja, lililofunguliwa 1991. Basi la Malindi likingoja feri? Hawaamini! Maswali yanamiminika: abiria walishuka? Mvua ikinyesha je? Mwenye babu nyumbani anatumwa akaulize, na kesho darasa lina shahidi.

Magofu ya mji wa kale wa Gedi nayo yako jirani. Picha ya msikiti wake mkuu inatosha kuwaeleza kwamba mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba pale 1948, na kwamba vilipatikana vyombo vya kauri kutoka China. Halafu watoto waitazame kuta kwa karibu: ni mawe ya matumbawe. Historia na jiografia zimekutana ukutani, bila mtu kukariri lolote.

Kwangu mimi, picha tamu zaidi ni mbili za hori ya Mida zilizopigwa pahala pamoja, moja maji yamekupwa na mizizi ya mikoko iko wazi, nyingine yamejaa.

Tahadhari moja. Picha nyingi kongwe za pwani zilipigwa na wageni, wenyeji wakafanywa pambo. Mwalimu hodari huuliza ni nani aliyeshika kamera. Kisha huazima simu, akawapeleka watoto wapige picha ya soko lao wenyewe, na nyuma ya kila nakala waandike tarehe, mahali na majina ya wapigaji.