Chini ya Deraya

Kipande hukatwa mara mbili. Mkato wa kwanza hupita mbali kidogo, ukiacha kikonyo kama cha embe lililochumwa kwa uangalifu. Wa pili husogea karibu, polepole, kwa koleo dogo lenye makali. Ukiwa na haraka ukakata mara moja tu, plastiki huvutika na kubaki na baka jeupe lisilofutika kwa urahisi. Kisha hufuata kisu chembamba, na baada ya kisu, msasa laini. Hapo umemaliza kipande kimoja, na sandukuni vinakusubiri mamia.

Hivyo ndivyo huanza sanamu ya Gundam. Wageni wakiiona rafu yangu huhesabu maroboti. Mimi nikiitazama nakumbuka viungo: goti lililonisumbua usiku mzima, bega lililoingia mahali pake kwa mlio mmoja mtamu, pembe ya kichwani niliyoivunja kwa pupa kisha nikaiunga tena kwa subira niliyopaswa kuwa nayo tangu mwanzo.

Katuni ya Mobile Suit Gundam ilianza kuonyeshwa kwenye runinga za Japani mwezi Aprili 1979, ikiongozwa na Yoshiyuki Tomino. Haikupata watazamaji wa kutosha. Vipindi 52 vilivyopangwa vikapunguzwa hadi 43, na Januari 1980 ikafika tamati. Julai mwaka huohuo kampuni ya Bandai ikatoa sanamu ya kwanza ya Gundam ya kujiundia, kwa yeni 300. Plastiki yake ilikuwa ya rangi moja, ikaja na gundi yake. Rangi nyingine mnunuzi alijipakia mwenyewe. Watoto na vijana waliokuwa wakiufuatilia mfululizo ule uliporudiwa kwenye runinga wakazigombania madukani. Hadithi iliyokatishwa njiani ikapata uhai mpya mezani kwa watu walioiunda kipande kwa kipande.

Sidhani ilitokea hivyo kwa bahati. Katika katuni nyingi zilizotangulia, roboti alikuwa shujaa wa pekee, karibu na mungu. Katika hadithi ya Tomino ni chombo cha vita. Hutengenezwa kiwandani, huishiwa risasi, huharibika, hurudishwa kwa mafundi. Ukiitazama Zaku, roboti ya kijani ya hadithi hiyo aliyoibuni Kunio Okawara, unaona mabomba yake yapo nje, na jicho lake moja huteleza huku na huku ndani ya ufa wa kichwa. Ni mashine inayokushawishi ujiulize inafanyaje kazi. Ndiyo maana muundaji hujiona ana haki ya kuipaka tope miguuni, kuichubua rangi mabegani, na kuacha masizi kwenye mdomo wa bunduki. Alama hizo humwambia mtazamaji kwamba chombo hiki kimetumika.

Gundam ya kwanza, kwa mujibu wa hadithi, ina kimo cha mita 18. Kwa kipimo cha 1/144 hubaki sentimita 12.5, ikaenea kiganjani. Mjini Yokohama iliwahi kusimama Gundam ya kimo kamili, iliyoinua miguu na kusogeza vidole mbele ya umma kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024. Lakini ukubwa huo naufahamu zaidi ninapopitisha wino mwembamba kwenye mfereji wa kifuani, nikauona ukikimbia wenyewe kama maji mtaroni, na ghafla bati moja likawa mabati sita yaliyounganishwa. Hapo jicho huamini kuwa mtu mdogo sana angeweza kusimama juu ya bega lile.

Sanamu hizi hutoka Shizuoka, mji wa watengenezaji wa sanamu za plastiki, ambako kampuni ya Tamiya nayo ina makao yake. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu za chuma zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, na bamba moja la vipande huweza kutoka na rangi kadhaa pamoja. Mwaka 2010 mafundi wa Bandai walitoa aina waliyoiita Real Grade, ambayo mifupa yake hutoka kwenye kalibu ikiwa tayari ina viungo. Unakata vikonyo, unakunja, na mkono unakunjika, ingawa hujaunga chochote. Mara ya kwanza nilipoushika mkono huo, nilikaa kimya nikiukunja na kuukunjua.

Kiswahili kina neno fundi, na katika mzizi huohuo tunapata kufunza, kujifunza na mwanafunzi. Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa Kijapani nisichokisoma, lakini michoro yake hunifunza: hiki kwanza, kile baadaye, geuza, bonyeza. Fundi nisiyemjua ameifanya nusu ya kazi kwa ukamilifu, na nusu ya pili akaniachia. Kuachiwa huko nakuona kuwa heshima kubwa.

Na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufichwa. Gundam ya kipimo cha 1/60 iliyotolewa mwaka 1998 ina mifupa kamili. Unaiunda kwa siku kadhaa, kisha unaifunika kwa deraya nyeupe, na anayepita mbele ya rafu haioni tena. Lakini usawa wa mwili wote, jinsi unavyosimama bila kuyumba, unatoka humo ndani.

Katika vita vya mwisho vya ule mfululizo wa kwanza, Gundam inapoteza kichwa na mkono wa kushoto. Mwili uliobaki unainua bunduki kwa mkono wa kulia na kufyatua juu. Waundaji wengi hupenda kuisimamisha sanamu yao hivyo, nami nina moja. Kichwa chake nilikiunda chote: macho nikayapaka, pembe nikaisugua mpaka ncha ikawa kali, wino nikaupitisha kila mfereji. Kisha nikakichomoa, nikakifunga kwenye kitambaa, nikakiweka kwenye droo pamoja na mkono wa kushoto. Hakuna mgeni aliyewahi kukiona. Kimekamilika.