Mizigo Mitatu ya Neno "Nguvu": Tahakiki ya Istilahi za Umeme katika Kiswahili

Katika mazungumzo ya kila siku, Kiswahili hulitwika neno "nguvu" mizigo mitatu katika uwanja wa umeme. Taa inapofifia, husemwa kuwa umeme "hauna nguvu". Kinachokusudiwa ni volteji. Jiko linalochemsha maji upesi husifiwa kuwa "lina nguvu". Hapa kinachokusudiwa ni kasi ya kutumia nishati, ipimwayo kwa wati. Uniti za LUKU zinapokwisha mapema, hulalamikiwa kuwa kifaa "kimekula nguvu nyingi", ilhali kilichonunuliwa ni nishati, yaani kilowati-saa. Tahakiki hii inadai kwamba polisemia hiyo si suala la mtindo tu, bali hupotosha hesabu.

Tuchukue jiko linalotumia volti 230 na kupitisha mkondo wa ampea 10. Volteji ikigawanywa kwa mkondo, ukinzani ni ohm 23. Volteji ikizidishwa kwa mkondo, tunapata wati 2,300. Sasa volteji ishuke hadi volti 115, ukinzani ukibaki uleule. Mkondo utakuwa ampea 5, na wati zitakuwa 575 tu. Volteji imebaki nusu, lakini wati zimebaki robo. Asemaye kwamba "nguvu imepungua kwa nusu" amesema kweli kuhusu volteji na amekosea kuhusu wati, na sentensi yake haimpi msikilizaji njia ya kutenganisha mawili hayo.

Yawezekana kujibiwa kwamba muktadha huondoa utata. Jibu hilo lina udhaifu: muktadha humsaidia anayeijua fizikia tayari, si mwanafunzi anayeitafuta kupitia lugha.

Utata huu haumo katika istilahi zote. "Mkondo" limetoka kwenye maji na kubeba sawasawa dhana ya kitu kinachopita. "Ukinzani", kutokana na kitenzi "kinza", linafaa kuliko "upinzani", ambalo matumizi ya kisiasa yamelipa sura ya utashi. Waya hauna utashi. Sarufi nayo ina mchango: mkondo hupita *katika* waya, lakini volteji huwa *kati ya* ncha mbili. Kauli "volti zinapita" huvunja mpaka huo, na kosa la dhana huanzia kwenye kihusishi.

Vipi basi kuhusu wati? Wapo wanaopendekeza "uwezo". Neno hilo, hata hivyo, lina maana ya jambo linaloweza kutokea, hivyo huelekea upande wa potensheli, yaani kwenye volteji ileile tunayotaka kuitenga. Kwa kuwa "kani" na "nishati" zimekwishachukua nafasi zao, yaelekea ni busara zaidi kuliachia "nguvu" mzigo mmoja tu, ule wa wati, na kulitumia daima pamoja na kizio chake.

Nchini Tanzania suala hili lina uzito wa pekee. Mwanafunzi husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi, kisha huhamia Kiingereza sekondari. Akivuka na neno moja kwa dhana tatu, kushindwa kwake kutahesabiwa kuwa udhaifu wa Kiingereza, ilhali mzizi wake uko katika istilahi ambayo wanaisimu wa Kiswahili wana wajibu wa kuinyoosha.