Pongezi kwa Mafundi wa Godzilla
Filamu ya Godzilla, iliyotolewa na kampuni ya Toho ya Japani mwaka 1954, inastahili sifa kwanza kwa kazi ya mikono ya mafundi wake, kwani chini ya uongozi wa Eiji Tsuburaya mwigizaji Haruo Nakajima alivaa vazi zito la dubwana Godzilla lililomfunika mwili mzima, akaukanyaga mji wa Tokyo uliojengwa kwa umbo dogo, huku kamera ikinasa kwa kasi ili picha, zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida, zimfanye dubwana huyo aonekane mzito na mkubwa mno. Ngurumo yake, ambayo ni vigumu kuisahau, ilitokana na wazo la mtunzi wa muziki Akira Ifukube la kusugua glavu ya ngozi kwenye uzi wa besi, yaani fidla kubwa ya sauti nzito. Kazi hiyo imeendelea kuenziwa: mwongozaji Guillermo del Toro aliitabaruku filamu yake Pacific Rim ya 2013 kwa fundi wa madoido Ray Harryhausen na Ishirō Honda, mwongozaji wa Godzilla; na mwaka 2024 filamu ya Godzilla Minus One ikatwaa Oscar ya madoido ya picha, heshima iliyochelewa sana.