F3 Haikupaswa Kuzimwa

Tuliokuwa ukumbini Musoma tulimwona mchoraji akibonyeza F3 kwenye programu ya kuchorea, kuzima snapu zote zinazonasa kishale kwenye ncha na mistari, na papo hapo nikajua ramani ile ya madarasa imeharibika. Leya zilipangwa vizuri, skeli ilikuwa sahihi, maandishi yalisomeka. Hapo hana deni.

Tatizo lilianzia ukuta wa tatu. Kishale kilikuwa kinarukia alama ya saa ya mchanga badala ya mraba, kwa sababu snapu ya sehemu ya karibu iliachwa imewashwa pamoja na ya ncha. Isitoshe, alichora bila kuzumu. Boksi la kunasia halibadiliki ukubwa kwenye skrini, kwa hiyo ukiwa mbali na mchoro linafunika ncha mbili tatu kwa pamoja. Angeweza kuzima snapu ile moja tu. Angeweza kubonyeza Tab azungushe ncha mpaka aipate yake. Angeweza kushika Shift, abofye kulia, achague ncha kwa mara hiyo moja. Yeye akazima zote, akamalizia kwa jicho.

Kwenye skrini kuta ziligusana. Kipimo kikasoma 5.997 pale palipotakiwa mita 6, na hachi, michirizi ya kujazia eneo, ikakataa kujaa kwa sababu eneo halijafungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye akaongeza uvumilivu wa mwanya ili hachi ikubali, ufa ukabaki. Kisha akawasha snapu na kunakili darasa lile mara nne. Snapu hunasa ncha iliyokosewa kwa uaminifu uleule, na kosa likaenda na kila nakala.

Kunasa si jambo geni. Mwaka 1963, Ivan Sutherland wa MIT alionyesha Sketchpad, programu ya kuchorea kwa kompyuta. Kalamu yake ya mwanga ilipokaribia mstari, mashine iliunasa yenyewe, mkono usilazimike kulenga. Wazee wetu wa rula-T nao hawakuachia jicho kazi ya rula.

Nimelisema sana na nitalirudia: vijana wanaonijia kutoka Bunda na Butiama wanajua kupamba mchoro wa pande tatu, lakini Tab hawaijui. Snapu ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya rangi yoyote.

Mwashi akiona uzi umekaa vibaya, hauondoi akajenga kwa kukisia. Anahamisha kigingi, anauvuta upya, ndipo anapanga tofali.